Mafuta hayatoki chooni

"Daktari, chai ipi nzuri ya kukata kitambi?" Swali hili naulizwa kliniki, harusini, hata msibani, na muulizaji huwa ameshanunua pakiti. Anachotaka kwangu ni baraka tu. Leo nalijibu kwa maandishi, nipumzike.

Geuza pakiti usome maandishi madogo. Nyingi zina sanamaki, majani yale yale anayopewa mtu aliyefunga choo. Kazi yake ni kuuchokoza utumbo mpana usukume. Lakini wanga, sukari na mafuta ya chipsi ulizokula vimeshafyonzwa huko juu, kwenye utumbo mwembamba. Chai inafika shamba limeshavunwa. Unachomwaga ni maji na madini, ikiwemo potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mzani unashuka, unapiga picha, unawatumia mashoga zako. Ukishakunywa maji ya kutosha, kilo zimerudi. Ukiendelea kwa miezi, utumbo unazoea, choo hakiji bila chai, na muuzaji amepata mteja wa kudumu.

Mafuta hutokaje basi? Kwa pumzi. Mwaka 2014, Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walichapisha hesabu yake katika jarida la tiba la BMJ: kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama kaboni dioksidi, na 1.6 zilizobaki huwa maji. Na tafadhali, msianze kuhemahema makusudi. Mwili hugusa akiba yake pale tu unachokula kinapopungua kuliko unachotumia.

Zipo pakiti mbaya zaidi, zile ambazo watu huapa kwamba "zinafanya kazi kweli". Sibutramini, dawa ya kuua hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Maabara zimeikuta mara nyingi ndani ya bidhaa za kupunguza uzito zilizoandikwa "asilia". Chai ikikukatia njaa ghafla na moyo ukaanza kwenda mbio, usishangilie. Iache, uende hospitali na pakiti yake.

Hatari ya kitambi ni yale mafuta yanayojazana ndani, kwenye ini na kuzunguka matumbo. Hayo ndiyo yanayoifanya insulini ishindwe kazi, kisha kisukari na presha vikafuata. Ongeza maumivu ya magoti, kukatika pumzi usingizini na baadhi ya saratani. Na anayemwita mnene mlafi ajue kwamba urithi na homoni za njaa vina sehemu kubwa, sawa na usingizi haba na kazi ya kukaa kutwa.

Cha kufanya? Chukua futi ya fundi cherehani: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Acha soda, chupa ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi. Punguza ugali, ongeza mboga na maharage, tembea kila siku, lala. Kupungua asilimia 5 tu ya uzito tayari kunasaidia sukari na presha. Sindano za kupunguza uzito za semaglutide zipo, ni ghali, huandikwa na daktari, na ukiziacha uzito mara nyingi hurudi. Wewe unayetumia insulini au vidonge vya kisukari, usianze kujinyima chakula kabla dozi haijapangwa upya. Sukari ikishuka ghafla utaanguka.