Picha za Semina: Zimlinde Mtoto, Zimheshimu Mwenyewe

Mji wa Kaliua umekaa njia panda. Hapo ndipo reli ya kati itokayo Tabora inapogawanyika, tawi moja likienda Kigoma na jingine Mpanda. Kabla ya reli, misafara ilitembea kwa miguu katika nchi hii kati ya Tabora na Ujiji, na mama aliyekuwa safarini alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko. Kwa mwendo wa mguu mbeleko ilitosha. Kwa mwendo wa gari haitoshi, wala mikono ya mama haitoshi.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi nchini Tanzania, likigonga mti na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 140 hivi. Hilo ni gunia zima la mahindi na karibu nusu ya jingine. Ni mama gani atakayelizuia kwa mikono yake? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani zinaongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba vifaa vya kumfungia mtoto garini vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71.

Kwa hiyo vikundi vyetu vya wanawake vinapoandaa semina ya familia, somo la kiti cha mtoto cha gari linastahili nafasi. Lakini wengi wetu hatujapata kukigusa kiti hicho, hivyo picha itafundisha kuliko maneno. Mama atafanya kama alivyoona. Picha ikiwa na kosa, kosa hilo litaingia garini pamoja na mtoto.

Picha ipi inafaa?

Tusichague picha kwa sababu mtoto anapendeza. Tuikague kwanza. Je, mtoto mchanga ameelekezwa nyuma ya gari? Je, kiti chake hakikuwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi? Mfuko huo ukifumuka hukipiga kiti kwa nguvu inayoweza kuua. Je, mikanda imenyooka na kukaza, bila blanketi wala koti nene kati yake na mwili? Kwa mtoto mkubwa, je, ameinuliwa na kiti chake hata mkanda wa gari ukapita begani na nyongani, pasipo kugusa shingo wala tumbo? Sheria za Ulaya humtaka mtoto atumie kifaa chake mpaka afikie urefu wa sentimeta 150, ingawa nchi zinaruhusiwa kushusha kipimo hicho hadi 135.

Tuangalie pia picha imetoka wapi. Picha za Marekani huonyesha usukani upande wa kushoto, na viti vya huko huwa na kibanio cha kifuani ambacho viti vingi vya Ulaya havina. Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani na usukani wake uko kulia. Mwalimu asipoeleza tofauti hizi, mama atarudi nyumbani akitafuta kibanio kisichokuwepo.

Zaidi ya hayo, wengi wa Kaliua husafiri kwa basi, bajaji, bodaboda na baiskeli. Tukionyesha magari ya kifahari peke yake, somo litasikika kama habari za watu wengine. Ni vema tupige picha zetu wenyewe katika gari la kanisa au la jirani, likiwa limesimama: mtoto ameketi nyuma, hajapakatwa na dereva, hasimami kati ya viti, wala hashiriki mkanda mmoja na mama yake. Tuwaeleze akina mama kwamba mkanda ukiwazunguka wote wawili, wakati wa ajali uzito wa mama humbana mtoto.

Picha ina mwenyewe

Baadhi yetu huandika chini ya picha, "Imetoka Google". Hiyo ni sawa na kula mahindi ya mtu kisha kumshukuru aliyetuonyesha njia ya shambani. Google huonyesha mahali picha ilipo. Aliyeipiga ni mwingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ijulikanayo kama COSOTA, ndiyo inayosimamia haki hizo. Wageni nao wanalindwa, kwa maana nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994.

Hata hivyo, ziko picha ambazo wenyewe wametoa ruhusa. Hazina ya Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004, ina picha nyingi za namna hiyo, na kila moja imeandikwa masharti yake. Herufi CC BY maana yake tumia, lakini mtaje mwenyewe. Ikiongezwa SA, ukiibadilisha picha na kuisambaza, itoe kwa masharti yale yale. NC hukataza biashara, na ND hukataza kusambaza picha uliyoibadilisha. Kazi zilizofanywa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani katika kazi yao hazina hakimiliki nchini humo. Lakini kurasa za serikali huweza kubeba picha za watu wengine, kwa hiyo tusome maelezo. Picha ya kampuni ya viti tuiombee ruhusa kwa barua, na jibu tulihifadhi.

Katika kutaja tuweke mambo manne: jina la picha, jina la mpiga picha, mahali ilipopatikana, na masharti yake. Kama tumeikata au kuibadilisha, tuseme hivyo. Maneno hayo yakae chini ya picha, iwe kwenye slaidi, bango kitita au karatasi ya kugawa.

Na mtoto aliye pichani naye ana heshima yake. Tunapopiga picha zetu, tumwombe mzazi idhini kwa maandishi, tukimweleza picha itaonyeshwa wapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za watoto walioumia ajalini, zinazozungushwa kwenye simu, tusizitumie kabisa. Yule ni mwana wa mtu, na huenda mama yake ameketi katikati yetu.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza watu wake wajenge ukingo kwenye dari la nyumba, asije mtu akaanguka. Kiti cha mtoto ni ukingo wa namna hiyo. Naye Mtume Paulo, katika Warumi 13:7, anatuhimiza kumpa kila mtu anachostahili, ikiwa ni pamoja na heshima. Basi, akina mama, kabla ya semina ijayo tukae wawili watatu, tuzipitie picha zetu moja moja. Iliyo na kosa tuiondoe. Isiyo na jina la mwenyewe tumtafute. Tusipompata, tupige yetu. Bwana awabariki, naye awalinde watoto wetu njiani.