Kutafuta Kosa Bila Kuvunja Safari

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo lahusu kompyuta: jinsi fundi anavyotafuta kosa katika programu. Programu ni amri zilizoandikwa, ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya moja.

Tuanze na jambo tulijualo. Jahazi limetoka Bagamoyo kwenda Unguja, na katikati ya bahari linavuja. Nahodha hangoji lizame ndipo aulize sababu. Baharia mmoja anafua maji, mwingine anatafuta ubao unaopitisha maji na kuutia kalafati. Safari inaendelea.

Programu nyingi zikipata kosa huzama papo hapo. Fundi hubaki akikisia, kisha huanza safari upya. Lakini iko lugha ya kompyuta iitwayo Lisp, iliyoanzishwa na John McCarthy mwaka 1958 katika chuo cha MIT, Marekani. Katika tawi lake liitwalo Common Lisp, programu ikikwama husimama na kungoja kuulizwa.

Sikilizeni mfano. Samaki wameuzwa kwa shilingi 90,000. Programu yatakiwa kuwagawia mabaharia sawasawa, lakini mwandishi amesahau kuiambia mabaharia ni wangapi. Programu inasimama, na fundi anaona mambo matatu.

Kwanza, kosa lenyewe: jina "mabaharia" halina thamani.

Pili, njia iliyopitiwa: kazi ya kugawa iliitwa na kazi ya kuandika hesabu ya siku. Fundi anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua, akitazama kila kazi ilikuwa imeshika nini.

Tatu, njia za kutokea: kujaribu tena, kutoa thamani ya kutumia mara hii tu, kuiweka thamani hiyo idumu, au kuacha kazi.

Fundi anachagua kutoa thamani, anaandika 6. Programu inaendelea pale pale ilipokwama, na kila baharia anapata shilingi 15,000.

Je, jambo hili lina faida kubwa? Mwaka 1998 Marekani ilirusha angani chombo kiitwacho Deep Space 1. Mwezi Mei 1999 kiliongozwa kwa muda na programu ya Lisp. Kilikuwa mbali na Dunia zaidi ya kilomita milioni 90, hata ujumbe wa redio ulichukua dakika 5 na zaidi kukifikia. Hakuna fundi awezaye kwenda huko na bisibisi. Tarehe 18 Mei programu ilikwama, na injini haikuzimwa kwa wakati wake. Sehemu mbili za programu zilikuwa zikingojana, kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akisema, "Tangulia wewe." Kwa kuwa programu haikuwa imekufa, mafundi waliweza kuihoji kutoka Duniani, wakakijua chanzo. Tarehe 21 Mei jaribio lilikamilishwa.

Lakini, ndugu zangu, angalieni sana. Kama yule fundi angeandika 7 badala ya 6, programu isingesimama. Ingegawa fedha bila kelele, na kila baharia angepunjwa. Mashine huonyesha mahali ilipokwama; haijui ni watu wangapi waliovuta nyavu. Hilo hulijua aliyekuwapo, na aliyekuwapo akijua kusoma na kuhesabu, hapunjwi na mtu wala mashine.

Basi kazi yako ikikwama, usikimbilie kuifuta yote. Isimamishe, uliza ilipitia wapi, rekebisha palipovuja, kisha endelea.

MASWALI YA DARASA
1. Programu iliyosimama ina faida gani kuliko iliyokufa?
2. Fundi huonyeshwa mambo gani matatu?
3. Shilingi 90,000 zikigawiwa watu 7 badala ya 6, kila baharia atapunjwa kiasi gani?

Kwaherini mpaka juma lijalo.