Kangaga la Kuvumilia Januari

Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa Nairobi vimeandikwa Uingereza, na humo kangaga sugu ni lile linalolala chini ya theluji, kisha likachipuka theluji ikiyeyuka. Sifa hiyo haimsaidii mkazi wa Fort Ternan, katika kaunti ya Kericho. Huku kangaga hupimwa na jua la Januari na Februari, mvua inapokatika na udongo kuanza kupasuka. Hupimwa pia na mvua ya mawe, halafu na kuku, ambao huchakura popote penye unyevu. Likiyashinda hayo matatu ni sugu, hata kama usiku mmoja wa theluji ungelimaliza.

Mvua ya mawe si jambo la mzaha. Vitabu vya rekodi vimewahi kuitaja Kericho kwa siku 132 za mawe katika mwaka mmoja. Wenye mashamba makubwa ya chai walipata kugharimia ndege za kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili kuzuia mawe hayo. Watafiti wa hali ya hewa waliofanya kazi huko miaka ya 1970 na 1980 wakaeleza kwamba mabaki ya majani ya chai yanayopeperushwa na upepo yana chembe zinazosaidia barafu kuganda mawinguni. Huenda basi chai hujiitia mawe yenyewe. Kwa mwenye bustani, matokeo ni kwamba kangaga lenye majani laini halina budi kukaa chini ya matawi mazito au ukingo wa paa. Lenye majani magumu yaliyogawanyika vipande vidogo linaweza kusogezwa nje kidogo.

Watu husema “Kericho” kana kwamba ni mahali pamoja. Mji wa Kericho uko juu ya mita 2,000, kwenye udongo mchachu ambao ndio chai inautaka, na mvua yake haina mapumziko marefu. Fort Ternan iko chini, kama mita 1,500, kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na joto lake linakaribia lile la mashamba ya miwa ya Muhoroni. Udongo nao unabadilika. Koru, hapo jirani, huchimbwa mawe ya chokaa, na vilima vya huku vimefunikwa na majivu ya volkano ya kale ya Tinderet. Ni majivu hayo yaliyohifadhi mifupa ambayo Louis Leakey aliifukua mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika shamba la Fred Wicker, ikiwamo ya sokwe wa kale aliyempa jina Kenyapithecus wickeri, aliyeishi kama miaka milioni 14 iliyopita. Yalihifadhi hata nyasi: mwaka 1990 mtafiti Gregory Retallack na wenzake walizieleza nyasi hizo, na kwa maoni yao hapa palikuwa mbuga yenye miti ya hapa na pale. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kiwanja chake cha Fort Ternan hakina kivuli ana ushahidi wa kale sana wa kumuunga mkono.

Kabla ya kununua chochote, chukua udongo mkavu wa kiwanja chako na uudondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa, na orodha yako ya makangaga imebadilika hapo hapo.

Kivuli chenyewe nacho kina mambo. Vitabu vile vya Uingereza husisitiza upande wa kaskazini wa nyumba, na kwa bahati njema ushauri huo unafaa hapa pia, ingawa kwa sababu nyingine. Sisi tuko karibu na ikweta. Desemba na Januari jua hupita kusini mwetu, na ukuta wa kaskazini unabaki kwenye kivuli miezi ile ile ambayo mvua imekatika. Juni jua huhamia kaskazini na kuuangaza ukuta huo, lakini wakati huo udongo bado una maji na mawingu ni mengi, wala jua hilo haliunguzi. Ukipanda ukuta wa kusini mambo hugeuka: kivuli unakipata Juni, usipokihitaji, na Januari makangaga yako yanakaangwa. Nimeona bustani nyingi zikilaumiwa kwa udongo mbaya wakati kosa lilikuwa upande wa nyumba.

Chini ya miti, mparachichi mkubwa ni mwenyeji mzuri. Matawi yake ni mazito, majani yanadondoka mwaka mzima, na yakioza hutoa mboji ambayo makangaga huipenda. Mgrevilea unafaa kiasi, ila majani yake huchelewa kuoza, kwa hiyo yalundike pembeni kwanza yalainike. Mkaratusi uache. Mizizi yake hunywa maji yote ya juu, na utakachopanda hapo utakuwa unakinywesha kwa ndoo hadi uchoke.

Sasa tuje kwenye makangaga yenyewe. Kwa mwenye chokaa na mahali panapodondoka maji, kama chini ya bomba au kando ya tangi, la kwanza ni Adiantum capillus-veneris, lile lenye vijiti vyeusi vyembamba na vijani vidogo visivyoshika maji. Kwa asili huota kwenye miamba na kuta zenye unyevu, na chokaa hulipa nguvu badala ya kulidhuru. Ndugu yake wa nyanda za juu, Adiantum poiretii, huvumilia zaidi udongo wa kawaida wa msituni. Yote mawili hunyauka haraka yakikosa maji, lakini mzizi ukiwa hai hurudi. Kata majani yaliyokauka, mwagilia, ngoja. Wengi huyang'oa mapema mno.

Kwa kivuli kikavu, chagua makangaga yenye akiba. Nephrolepis cordifolia hubeba vinundu vidogo vya mviringo mizizini, vimejaa maji, na hivyo hupita Januari bila malalamiko. Sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake: hutambaa, na ukilipa nafasi litakula njia na kitanda cha jirani. Lile la vyungu vya ning'inio linalouzwa kwenye vitalu vya miche barabarani ni jamaa yake, la aina iliyogunduliwa mwaka 1894 ndani ya shehena ya makangaga iliyopelekwa Boston. Halina vinundu. Ni zuri barazani, ila Februari bila maji litakudondoshea vumbi la majani sakafuni kila asubuhi.

Ninayoyapenda zaidi hayakai ardhini kabisa. Tazama shina la mti mzee: utaona majani membamba ya Pleopeltis macrocarpa, ambayo wakati wa ukame hujikunja na kuonekana yamekufa, kisha mvua moja ikayafungua tena kama mwavuli. Kuna pia Drynaria volkensii, lililopewa jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyefanya utafiti wa mimea Kilimanjaro miaka ya 1890. Hili lina majani ya aina mbili. Ya kijani ni marefu na ndiyo yanayotengeneza chakula; mengine ni mafupi, ya kahawia, yamekumbatia shina la mti na kukusanya takataka zinazodondoka ili zioze hapo. Kwa maneno mengine, hujitengenezea mboji yake lenyewe huko juu. Tawi lenye kangaga hili likianguka kwa upepo shambani mwako, lifunge kwenye mparachichi kwa kamba ya katani, upande usiopigwa na jua la mchana, na usilipe samadi.

Kuna ambayo hayafai hata bure. Pteridium, lile refu linalotanda kwenye malisho yaliyochomwa moto, hupita chini ya udongo na haling'oki kirahisi. Isitoshe lina sumu: ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu hukojoa damu, na kibofu chao huweza kupata uvimbe wa saratani. Mwenye ng'ombe asilipande karibu na boma. Kwa wenye vidimbwi, onyo ni gugu la Kariba, Salvinia molesta. Nalo ni kangaga, japo huelea majini, na lilitanda Ziwa Naivasha tangu miaka ya 1960 hadi mdudu mdogo wa jamii ya fukusi alipoletwa kulila miaka ya 1990. Linapendeza kwenye beseni, lakini mafuriko ya kwanza yakilipeleka mtoni, kazi imeanza.

Halafu kuna kangaga mti, Alsophila manniana, lenye shina refu na vikonyo vya miiba, linaloota kandokando ya vijito vya misitu ya nyanda za juu. Kila mwenye bustani hulitamani, mimi nikiwamo. Biashara yake kuvuka mipaka inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuchukua mmea wowote katika msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016. Hata ukiiweka sheria kando, kangaga mti lililong'olewa likiwa kubwa kwa kawaida hufa, kwa kuwa linataka maji yanayopita mizizini usiku na mchana. Anayekuuzia la mita mbili kwenye gari la mizigo anakuuzia kuni.

Njia ya halali ni ndefu kidogo, na ina historia inayoihusu chai. Mwaka 1829 daktari wa London aitwaye Nathaniel Ward alifukia pupa wa nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi. Akasahau nondo alipoona kangaga dogo likichipuka mle ndani, ilhali bustani yake ya nje ilikuwa ikimfia kwa moshi wa jiji. Kutokana na chupa hiyo akabuni makasha ya vioo ya kusafirishia mimea baharini, na ni makasha hayo ambayo mkusanyaji mimea Robert Fortune alitumia kati ya 1848 na 1851 kutoa miche ya chai China na kuipeleka India. Mwaka 1903 chai ya asili ya India ikapandwa Limuru, na miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kuifungulia Kericho mashamba.

Chupa ya Ward bado inafanya kazi. Kata jani lenye madoa ya kahawia mgongoni, lifunike ndani ya karatasi nyeupe siku mbili, na utapata vumbi laini. Hilo ndilo spora. Mimina maji yanayochemka juu ya udongo uliochekechwa ili kuua mbegu za magugu na ukungu, uache upoe, pulizia vumbi juu yake bila kulifukia, kisha funika kwa kioo au karatasi ya nailoni na uweke pasipo na jua. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, na ukiuchungulia kwa karibu ni vijani vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha. Vijani hivyo si kangaga bado. Mbegu za kiume lazima ziogelee ndani ya maji kufikia za kike, kwa hiyo nyunyiza maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa. Ukikausha hatua hii, hupati kitu. Kangaga halisi huchomoza baada ya miezi, na huwa tayari kutoka nje kati ya mwaka mmoja na miwili.

Panga hesabu yako miche itoke mwisho wa Machi au Aprili, mvua ya masika ikiwa imeshika. Kitovu cha kangaga kikae sawa na uso wa udongo. Kikizikwa huoza. Tandaza majani yaliyooza unene wa vidole vinne, ukiacha kitovu wazi, na kabla ya hayo yote jenga uzio wa fito, maana kuku wa huku hawajui masika wala kiangazi.