Picha Isiyoonyesha Kitu

Katika hospitali zetu hakuna kauli nyepesi kutamka na nzito kueleweka kama hii: "Nenda ukapigwe picha." Daktari huitamka akiandika, kichwa kimeinama, naye mgonjwa huipokea kama amri. Ni picha ya namna gani, inatafuta nini na itamfaa vipi ni maswali ambayo aghalabu hubaki mdomoni.

Sisi tunaoshughulika na lugha tuna neno la kusema hapa. Msamiati "picha" umetwikwa mzigo usiouweza. Eksirei, ambayo baadhi ya kamusi zetu huiita uyoka, kwa hakika ni kivuli. Wilhelm Röntgen alipoigundua miale hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, mnamo Novemba 1895, aliipa herufi X kwa kuwa asili yake haikujulikana. Hupenya kwa wepesi mapafu yaliyojaa hewa, lakini huzuiwa na mifupa yenye wingi wa kalisi. Ndiyo sababu mfupa huonekana mweupe na pafu jeusi. Ultrasaundi nayo ni mwangwi: chombo hupeleka mwilini sauti ambazo sikio la binadamu halizisikii, kisha huzipokea zikirudi, kama afanyavyo popo gizani. Ile mashine ya MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Kwa mgonjwa, zote hizi ni "picha".

Mkanganyiko huu una gharama. Mama mjamzito aliyesikia kwamba miale inaweza kumdhuru mtoto tumboni huenda akaikimbia ultrasaundi, ambayo haina miale hiyo kabisa, na ambayo tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza afanyiwe angalau mara moja kabla ya wiki 24, ili umri wa mimba ukadiriwe na pacha watambulike mapema. Mwenzake naye huingia chumba cha eksirei asitaje kuwa ana mimba, maadamu hakuna aliyemweleza kuwa picha na picha hutofautiana.

Hata hivyo, linaloniudhi zaidi ni lugha ya majibu. Jirani yangu mmoja kijijini, mzee wa makamo, aliuza mbuzi ili alipie picha ya kifua baada ya kukohoa kwa majuma mengi. Akaambiwa, "Mzee, picha haikuonyesha kitu." Alirudi nyumbani akilalamika kwamba mbuzi wake ameliwa bure, na kliniki hakuikanyaga tena kwa muda mrefu. Kwa daktari, "haikuonyesha kitu" ni habari kamili: mapafu hayana kovu wala maji, basi chanzo cha kikohozi kitafutwe kwingine, na makohozi yapimwe. Kwa mzee, maneno yale yale yalimaanisha kwamba mashine imeshindwa, au kwamba anasingizia ugonjwa. Lau angeambiwa, "Tumetazama mapafu yako, hatukuona dalili ya ugonjwa tuliouhofia, sasa tutapima makohozi," asingemlilia mbuzi wake.

Wako pia wanaoiamini picha kupita kiasi. Mgongo ukiuma siku mbili wanadai mashine, kana kwamba kupigwa picha ni kutibiwa. Maumivu mengi ya namna hiyo, yasipoandamana na dalili za hatari kama vile miguu kufa ganzi, hupoa bila picha yoyote. Hilo nalo mgonjwa hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa, si kwa karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya bahasha.

Shuleni, habari za miale na mawimbi ya sauti hufundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili hudhani hazimhusu. Yamkini zinamhusu kuliko anavyofikiri. Awape wanafunzi wake zoezi la mazungumzo: mgonjwa anauliza picha hii inatafuta nini, na isipokiona kitatafutwa wapi, daktari anajibu kwa Kiswahili, bila kuinamia karatasi.