Schnauzer: Kabla hujamnunulia mtoto mbwa mwenye ndevu, jua haya

Video ni zile zile zinazozunguka kwenye simu: mbwa mdogo wa kijivu, nyusi nene zimemfunika macho, ndevu zimelowa maji, ameketi kama mzee wa baraza anayesubiri kusalimiwa. Mtoto akishaitazama mara tatu, ombi linafuata. "Mama, na sisi tununue."

Mbwa huyo anaitwa schnauzer, jina linalotamkwa shnauza. Limetokana na neno la Kijerumani linalotaja pua na mdomo wa mnyama, na ukimwona huhitaji kuuliza kwa nini. Mzazi akianza kuulizia, anakutana na swali ambalo wauzaji hulirahisisha mno: unataka mdogo, wa kati au mkubwa? Linaulizwa kama mtu anayeulizwa soda ya chupa gani.

Hao ni mbwa watatu tofauti. Sura zinafanana, lakini mmoja ana kilo 7 na mwingine anaweza kufika kilo 47, na kila mmoja alizalishwa kwa kazi yake. Tabia yake ndani ya nyumba inafuata kazi hiyo hadi leo. Kinachowaunganisha ni manyoya, na hapo ndipo familia nyingi huishiwa nguvu baada ya miezi michache ya furaha.

Wa kati ndiye wa asili. Kusini mwa Ujerumani alikaa kwenye mazizi ya farasi, akilinda usiku na kuua panya bila kusubiri kuambiwa. Mdogo alipatikana eneo la Frankfurt mwishoni mwa karne ya 19, wafugaji walipotaka mbwa wa sura ile ile ila wa kukaa ndani. Mkubwa ni wa upande wa Bavaria, alikuwa mswaga ng'ombe na mlinzi wa mali, na mwaka 1925 Ujerumani ilimtambua rasmi kuwa mbwa wa kazi.

Mdogo: rafiki wa watoto, kero ya jirani

Huyu ndiye wa kwenye video, na kwa familia nyingi ndiye anayefaa kufikiriwa. Kwa viwango vya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, urefu wake begani ni sentimita 30 hadi 35. Anacheza, anajifunza haraka, anapenda kukaa alipo mtu. Atakufuata jikoni, atakufuata sebuleni, na mlango wa bafu ukifungwa atalala nje yake. Ni mwepesi kumzoea mtoto anayeheshimu nafasi yake.

Ila anabweka. Anabwekea bodaboda, muuza maziwa, paka wa ukutani na mgeni uliyemkaribisha mwenyewe. Hana nia mbaya, ni kazi aliyorithi. Kama mnaishi ghorofani na ukuta wenu ndio ukuta wa jirani, lifikirieni hilo kabla ya jambo jingine lolote. Anaweza kufundishwa kunyamaza baada ya kubweka mara mbili tatu, lakini mafunzo hayo yaanze akiwa mtoto na yafanywe na watu wote wa nyumbani kwa namna moja. Baba akimkataza na dada akimcheka, mbwa hujifunza kwa dada.

Jambo la pili kwa huyu mdogo ni la kiafya, na hapa naomba wazazi wasome polepole. Wengi wao huzaliwa na hitilafu inayofanya mafuta yawe mengi kwenye damu. Matokeo yake kongosho lao huvimba kirahisi, na kinachochochea mara nyingi ni chakula chenye mafuta: ngozi ya kuku, mabaki ya nyama ya kukaanga, mchuzi uliobaki baada ya sikukuu. Mtoto anampa kipande chini ya meza kwa mapenzi, na usiku mbwa anaanza kutapika, anakataa kula, anajikunja mgongo kwa maumivu ya tumbo. Hilo si la kusubiri kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba yenye schnauzer mdogo ni moja: hakuna kumpa chakula cha mezani. Mwambieni na bibi. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwa mbwa wa aina yoyote, na mdogo hudhurika kwa kiasi kidogo zaidi.

Wadogo hawa pia hupata mawe kwenye kibofu. Ukimwona anakojoa kidogo kidogo mara nyingi, anajikakamua, au mkojo una damu, usimpe dawa ya kubahatisha. Maji safi yawepo muda wote. Wapo pia wanaopata mtoto wa jicho na kisukari. Na ukipapasa mgongo wake ukakuta vipele vidogo vyeusi kama vya chunusi, usivikamue; vinajulikana sana kwa mbwa hawa na vina sabuni zake za dawa.

Wa kati na mkubwa

Wa kati, sentimita 45 hadi 50 na kilo 14 hadi 20, anahitaji mwendo. Saa moja ya kutembea na kukimbia kila siku ni kiwango cha kawaida kwake. Ni mwerevu, na werevu wake una ukaidi: ukimrudilia amri ile ile mara kumi anachoka na wewe. Anafaa familia yenye watoto wa shule ambao wako tayari kutoka naye asubuhi, si wale wanaoahidi kutoka naye. Sungura, na kuku wanaozurura uani, wawe mbali naye. Asili yake ya zizini haijafutika.

Kuhusu mkubwa nitasema wazi: kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu na wazazi wanaotoka saa 12 asubuhi kurudi saa 2 usiku, siyo. Si mkali kwa asili, na aliyefundishwa vizuri huwa mtulivu na mwenye kuipenda sana familia yake. Lakini ana urefu wa sentimita 60 hadi 70, ana nguvu za mbwa wa polisi, na anachelewa kukomaa. Mwaka wake wa kwanza na wa pili ni mtoto mwenye mwili wa mtu mzima. Akimrukia mtoto wako kwa furaha, mtoto anaanguka. Anataka mazoezi ya karibu saa mbili kwa siku, na anataka kazi ya kichwa: kutafuta vitu, kufuata maelekezo, kujifunza jambo jipya. Akikosa, anajitafutia kazi mwenyewe, na mara nyingi huanza na makochi.

Magonjwa yake ni mengine. Nyonga huweza kukua vibaya. Tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, hali inayoua ndani ya saa chache. Dalili ni tumbo kuvimba, kutaka kutapika bila kutoa kitu na kukosa utulivu. Ndiyo maana hupewa chakula kidogo mara mbili au zaidi kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa, na hakimbizwi mara tu baada ya kula.

Na kwa saizi zote tatu: schnauzer si mbwa wa kufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili alinde. Wengi wetu tumekulia nyumba ambazo mbwa aliishi hivyo. Huyu akiishi hivyo anakuwa mpiga kelele, mharibifu, au mwenye kuwaogopa hata wenyeji wake.

Manyoya yasiyoacha kukua

Muuzaji atakwambia mbwa huyu hapukutishi manyoya, na ni karibu kweli. Hutakuta manyoya mengi kwenye zulia. Asichokwambia ni kwamba manyoya yasiyopukutika lazima mtu ayatoe.

Schnauzer ana tabaka mbili: la juu gumu kama waya, la chini laini. Lile la chini husokotana na kufanya mafundo, hasa miguuni, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye ndevu. Fundo likiachwa huvuta ngozi kila mbwa anapotembea, unyevu unanasa ndani yake, kisha ngozi inachubuka na kuoza kimyakimya. Mzazi anaona mbwa mwenye manyoya mengi ya kupendeza, kumbe chini kuna kidonda.

Mchane miguu na ndevu angalau mara mbili au tatu kwa wiki, kwa brashi kwanza halafu chanuo la chuma. Chanuo lifike hadi kwenye ngozi. Kupitisha juu juu hakusaidii. Ndevu zifutwe kwa kitambaa chenye maji kila baada ya kula, kisha zikaushwe, vinginevyo zinanuka na ngozi ya kidevu inaota vipele. Kazi ya ndevu mtoto wa miaka minane anaweza kuifanya, mkubwa akiwa karibu. Mkasi asiguse.

Kila baada ya wiki sita hadi nane anahitaji kunyolewa. Wanaopeleka mbwa kwenye maonyesho hawamnyoi mwili. Hung'oa kwa mkono manyoya yaliyokwisha kufa, kidogo kidogo, ili lile tabaka la juu libaki gumu na lenye rangi yake. Kwa mbwa wa nyumbani mashine inatosha. Ujue tu kwamba akizoea mashine, manyoya yake yatalainika na ile rangi ya chumvi na pilipili itafifia. Siyo ugonjwa. Pia usikubali anyolewe hadi ngozi ionekane kwa kisingizio cha joto, kwa sababu jua litamuunguza. Joto linatatuliwa kwa kivuli, maji, na kumtembeza asubuhi mapema au jioni.

Huyu mkubwa kazi yake ni ile ile, ila mwili ni mara tano au zaidi. Kumchana vizuri kunaweza kumaliza jioni nzima. Kabla hujachagua, uliza kama mjini kwenu kuna anayejua kunyoa mbwa, siyo kumwosha tu, na anatoza kiasi gani kwa mbwa wa kilo 40.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka: kupe. Ndevu, masikio na katikati ya vidole vya mbwa huyu ni maficho mazuri sana kwao, na kupe huleta homa zinazomwishia mbwa damu. Kila siku mkitoka nje, mpapase sehemu hizo kwa vidole. Tumia dawa ya kuzuia kupe kwa ratiba ya daktari wa mifugo na kwa kipimo cha uzito wake, maana dozi ya mkubwa ikienda kwa mdogo ni hatari.

Je, mtoto mwenye pumu?

Swali hili linaulizwa sana kwa sababu schnauzer hutangazwa kuwa mbwa asiyesababisha mzio. Mzio hautokani na manyoya yenyewe. Unatokana na protini zilizomo kwenye mate, mkojo na magamba madogo ya ngozi, na kila mbwa anazo. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walipima vumbi la nyumba zenye mbwa wanaosifiwa hivyo na nyumba zenye mbwa wengine, na hawakukuta tofauti ya maana. Kama mtoto wako ana pumu, mpeleke kwanza akakae na mbwa wa aina hiyo mara kadhaa, kwa saa nzima kila mara, na uzungumze na daktari wake. Kumrudisha mbwa baada ya mtoto kumzoea kunaumiza pande zote mbili.

Mbwa na mtoto chumba kimoja

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata yule mdogo mpole. Asimguse akiwa anakula au amelala. Na ndevu zisivutwe. Kwa schnauzer hilo ndilo jaribu kubwa la watoto wote. Kabla ya kung'ata, mbwa hutoa taarifa: anageuza uso pembeni, analamba midomo bila chakula, anapiga miayo, anakakamaa, weupe wa jicho unaonekana. Akinguruma, mwondoe mtoto na usimpige mbwa. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma, siku nyingine huenda asingurume, aking'ata aking'ate tu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyopanga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu wanne kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu wala pilipili.

Ukiamua kununua, nenda umwone mama wa watoto hao alipo. Akiwa mwoga au mkali kupita kiasi, ondoka. Uliza kama wazazi walipimwa macho, na kwa mkubwa, nyonga. Asichukuliwe kabla ya wiki nane. Ukitajiwa schnauzer wa kikombe, mdogo kuliko wale wadogo, fahamu kuwa FCI haina saizi hiyo. Mara nyingi ni mbwa waliozalishwa kwa kuchagua dhaifu, na bei yake huwa juu zaidi.

Kazi ya wiki ya kwanza nyumbani ni kumzoesha kuguswa. Kila siku shika kila mguu, fungua mdomo, angalia masikio, washa mashine ya kunyolea karibu naye bila kumnyoa, kisha mpe punje ya chakula chake. Dakika tano zinatosha.