Ngoja Injini Ipoe

Fundi wa kijiweni anaweza kukufanyia mengi kwa nusu saa: atamwaga oili, atakaza cheni, atapuliza kabureta. Tapeti hataigusa, au ataigusa ilimradi. Si kwamba hajui kazi. Tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, hupimwa injini ikiwa baridi, na pikipiki yako imefika kwake ikichoma mkono, nawe umesimama pembeni unataka kuondoka nayo.

Nyumbani injini hupoa yenyewe, usiku, bila gharama. Kwa mwenye pikipiki kuukuu, naona faida hiyo inapita hata pesa ya ufundi anayookoa.

Chukua Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, ikabuniwa makusudi kwa nchi ambako chombo hubebeshwa mzigo kupita kiasi na oili hubadilishwa mwenye nacho akikumbuka. Hata asiyewahi kuimiliki huenda amewahi kuipanda injini yake, kwa kuwa viwanda vya China viliinakili, na nakala hizo zikajaa kwenye bodaboda zetu. Kamshafti haikuwekwa juu na cheni yake ya ndani. Iko chini, inazungushwa na gia, na vijiti viwili vya chuma ndivyo vinavyopanda kusukuma roka. Cheni ya ndani haipo, basi hakuna cha kulegea huko. Ila valvu bado zinadai kupimwa.

Kazi huanza Jumamosi jioni, ukitoka safarini, kwani oili ina masharti kinyume na tapeti: imwage ingali na joto, ndipo inapotiririka na kushuka na uchafu wake. Injini hii haina filta ya karatasi kama ya gari. Ina chujio la wavu na kikombe kinachotupa takataka pembeni kwa mzunguko, hivyo usalama wake ni kubadilisha oili mapema. Inaingia karibu lita moja. Nunua ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye kopo, maana klachi inaogelea humohumo, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Ile chafu usiimwage shimoni. Ifunge kwenye dumu. Wapo wanaoitaka kwa kupaka nguzo dhidi ya mchwa.

Asubuhi, kabla hujapiga kiki, fungua kifuniko cha juu na upande wa sumaku. Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, kisha izungushe taratibu kwa spana mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye bodi. Tikisa roka zote mbili. Zikicheza kidogo, umepata. Zikigoma, pistoni iko juu kwa mzunguko usio wake. Zungusha tena mara moja kamili. CG hutaka nafasi ya milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Kwa nakala, fuata kitabu chake. Tumia fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Karatasi ya daftari inayotumiwa vijiweni si kipimo: hata karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa kama milimita 0.1. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, shika skrubu isigeuke, kaza nati, halafu pima upya, kwa sababu nati ikikazwa huondoka na kipimo.

Wengi huogopa tapeti inayogonga na kumsihi fundi aibane hadi inyamaze. Hapo ndipo valvu huungua. Valvu ya moshi hupoza kichwa chake inapokaa kwenye kiti chake, imefunga kabisa. Ukiibana isifunge, moto unapita ubavuni mwake na kuila. Dalili zake hujificha: pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inagoma ikishapata moto, sailensa haikai. Watu hulaumu kabureta. Kwangu mimi, kelele kidogo ni afadhali.

Plagi uliyoitoa isome kabla ya kuisugua. Rangi ya kahawia ni salama. Masizi makavu meusi yanakuelekeza kwenye kichujio cha hewa kilichoziba au petroli iliyozidi. Ikiwa imelowa oili, tazama ringi. Pengo la plagi liwe kati ya milimita 0.6 na 0.7.

Cheni haichukui muda. Zungusha gurudumu, tafuta mahali inapobana zaidi, na hapo ndipo upime ulegevu wake. Klipu ya kiungo iangalie cheni inakokwenda kwa upande wake uliofungwa, la sivyo itachomoka njiani.

Silinda ya kuchongwa na krenki inayovuma mpelekee fundi mwenye mashine. Na gasketi za vifuniko zinunue Ijumaa, kabla hujafungua chochote. Za zamani mara nyingi huchanika, na Jumapili maduka mengi ya spea yamefungwa.