Mafuta ya mtoto: ununue chupa au ubakize ufuta?

Kama gunia la ufuta bado liko ndani, usilishone kwanza. Likishaingia mnadani, fedha yake itarudi hapa Kipatimu kununua mafuta ya dukani yaliyopakiwa mbali, yakashushwa Njia Nne kwenye barabara kuu na kupandishwa tena milima ya Matumbi. Nauli yote hiyo imo kwenye bei unayolipa. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ilikatika Somanga. Mwenye ufuta ndani hana haja ya kungoja lori.

Mafuta kwa mtoto si anasa. Gramu moja ina kalori 9, wanga una 4 tu. Tumbo la mtoto mdogo hujaa uji mtupu wa muhogo kabla hajapata nguvu ya kutosha. Vitamini A ya kisamvu na maboga nayo haiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Hapa usibane, bana kwenye namna ya kununua.

Ghali kuliko yote ni yale ya "nipimie ya mia tano". Kipimo ni cha muuzaji, na hujui umepata kiasi gani. Nenda na chupa yenye alama za ujazo. Tuseme umepata mililita 50: hapo lita umeinunua kwa shilingi 10,000. Sasa uliza bei ya lita nzima. Huna ya lita? Changa na jirani, mgawane.

Ya kiwandani, tafuta yenye nembo ya virutubishi. Yameongezwa vitamini A. Alizeti ya kukamuliwa, inayouzwa kwenye chupa za maji, huwa haina lebo, kwa hiyo unanunua uaminifu wa muuzaji. Yakiganda asubuhi, si alizeti tupu, na usilipe bei ya alizeti. Yaliyoanikwa juani barazani yaache, yanachacha.

Nazi ya mnazi wako, tumia. Kuinunua kila siku ili mtoto apate mafuta sioni sababu: tui halilali, kukuna kunakula muda, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za mafuta yake ni ya aina inayoganda. Shirika la Afya Duniani linashauri aina hiyo isizidi asilimia 10 ya kalori za siku kwa aliyevuka miaka miwili. Iwe ya wali wa siku moja moja.

Karanga ni nzuri, ila zile za bei ya kutupa, zilizosinyaa au kuota ukungu, zinaweza kuwa na sumukuvu, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Ukizichambua na kutupa mbovu, kilo si kilo tena.

Ufuta ndio ninaoushauri. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na kilo moja inatoa vijiko vya chakula kama mia. Gharama yake usiitazame kwa bei ya mnada inayotangazwa. Toa ushuru na makato ya chama cha ushirika, uone ungeshika shilingi ngapi mkononi. Usumbufu upo: upepete mchanga, ukaange bila mafuta, utwange. Mzima humpitia mtoto bila faida kubwa. Twanga wa wiki tu, maana uliosagwa unachacha upesi. Kijiko kimoja kwenye uji, au kwenye kisamvu, kinatosha. Bado utahitaji chupa ndogo ya kukaangia.

Watoto wafundishwe kwa kazi hizi hizi. Anayetumwa dukani apewe ile chupa yenye alama, arudi na hesabu ya lita. Mwenye shilingi 200 ya shule alinganishe uzito: pakiti ya vibanzi vya chumvi imejaa hewa, kashata ya ufuta haina hewa. Akifika kwa mama wa mihogo ya kukaanga, kwanza achungulie karai. Mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, anunue muhogo wa kuchemsha.